Mgunga umebaki mgunga: dhana potofu kuhusu kuorodhesha mimea ya Afrika Mashariki

Mwambie mtu wa pwani akuletee nazi, huenda akakuuliza kwanza: dafu, koroma, au nazi yenyewe? Na kabla ya dafu kuna upunga, kidaka na kitale. Mti ni mmoja, na kwa mtaalamu wa mimea jina lake ni moja tu, Cocos nucifera. Sasa geukia mboga. Mnavu, ambao Waluo huuita osuga na Wakikuyu managu, sokoni ni mboga moja. Kwa mtaalamu yuleyule ni spishi kadhaa za Solanum, nyingine zenye vitunda vyeusi, nyingine vya rangi ya machungwa.

Kwenye nazi, watu wana majina mengi kuliko kitabu. Kwenye mnavu, kitabu kina majina mengi kuliko watu. Anayetaka kuandika mimea ya eneo pamoja na maisha ya watu wake hana budi kubeba hesabu zote mbili, na ni hapo ndipo uzushi mwingi kuhusu kazi hii unapochipuka.

"Mimea yetu ilishaandikwa yote"

Dhana hii haikutoka hewani. Mwaka 2012 ulikamilika mfululizo mkubwa wa vitabu vya mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, kazi iliyoanza mwaka 1948 ikiongozwa kutoka bustani ya Kew, London. Kijitabu cha kwanza kilichapishwa mwaka 1952. Mwisho wa yote zilihesabiwa spishi 12,104 za mimea ya porini. Takriban 1,500 zilipewa jina la kisayansi kwa mara ya kwanza ndani ya miaka hiyo. Mtoto aliyezaliwa kazi ikianza alikuwa amestaafu ilipoisha.

Lakini vitabu vikiisha, misitu haiishi kusomwa. Mwaka 2019, katika milima ya Udzungwa, watafiti na wasaidizi wao wenyeji walikuta mti ambao haukuwa na jina la kisayansi. Ulichapishwa mwaka 2025 kwa jina Tessmannia princeps. Msidhani ni kimmea kilichojificha chini ya jiwe. Ni mti unaofikia mita 40, unaochomoza juu ya miti mingine, na watafiti wanakadiria kwamba mikubwa yake huenda ina umri wa miaka 2,000 hadi 3,000. Ulikuwa umesimama hapo kabla ya Kilwa kujengwa, na vitabu vyote vile havikuwa nao.

Kuna na upande wa pili: mmea ulioandikwa unaweza kupotea. Erythrina schliebenii, mti wa kusini mwa Tanzania wenye maua mekundu, ulikusanywa miaka ya 1930, ukatangazwa kutoweka mwaka 1998, kisha ukaonekana tena mwaka 2001. Ikahofiwa tena kwamba umekwisha baada ya msitu wake kufyekwa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaupata. Orodha inayosema "upo" au "haupo" bila tarehe ni orodha ya kutiliwa shaka.

Hata karatasi zenyewe huteketea. Mimea mingi iliyokusanywa Tanganyika wakati wa Wajerumani ilihifadhiwa Berlin, na Machi 1943 sehemu kubwa ya hebaria ya huko, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, iliungua kwa mabomu ya vita. Sampuli nyingi zilizokuwa msingi wa majina, yaani zile ambazo mtaalamu huzirudia kila akitaka kujua jina fulani lilikusudiwa mmea gani, zikawa majivu. Ilibidi watu warudi milimani kukusanya upya.

"Jina la kisayansi ndilo la kweli, la kienyeji ni la kubahatisha"

Muulize mgunga. Kwa miaka mingi migunga yote ya Afrika ilikuwa Acacia. Mwaka 2005, kwenye mkutano wa wataalamu wa mimea Vienna, iliamuliwa kwamba jina hilo libaki kwa miti ya Australia, na uamuzi huo ukathibitishwa Melbourne mwaka 2011. Migunga yetu ikagawanywa kati ya Vachellia na Senegalia. Vibao vikabadilishwa, vitabu vikapitwa na wakati. Mfugaji anayewaangushia mbuzi maganda ya mgunga hakuhitaji kubadili chochote.

Jina la kisayansi lina kazi yake, tena kubwa: linamwezesha mtu wa Gulu na mtu wa Lindi kujua wanazungumzia mmea mmoja. Jina la mahali lina kazi nyingine. Mara nyingi limebeba matumizi, harufu, mahali mmea unapoota au ugonjwa unaotibiwa nao. Wakusanyaji wazuri walilijua hilo zamani. P. J. Greenway, aliyekuwa mtaalamu wa mimea Amani, Usambara Mashariki, alichapisha mwaka 1937 kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili na Kilatini. John Kokwaro wa Kenya alitoa mwaka 1976 kitabu cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, na baadaye, pamoja na Timothy Johns, kamusi ya mimea na wanyama kwa Kiluo. Hawa hawakuona aibu kuandika osuga kando ya Solanum.

Kosa la kweli ni kuandika jina la mahali bila kutaja lugha. "Jina la kienyeji" la nani? Usambara peke yake mtu anaweza kusikia Kisambaa, Kizigua, Kimbugu na Kiswahili katika safari ya siku moja. Jina lisilo na lugha ni kama barua isiyo na anwani.

"Siku hizi simu inatosha"

Picha ni nzuri, nazipenda, lakini haipasuliwi. Ili kutofautisha spishi mbili zinazofanana, mtaalamu huenda akahitaji kuhesabu vyumba vya ovari ya ua, kutazama nywele za upande wa chini wa jani, au kukata tunda aone mbegu zimekaaje. Ndiyo maana bado watu wanabeba mbao mbili, mikanda na magazeti ya zamani: tawi lenye ua au tunda linalazwa ndani ya gazeti, linabanwa, linakaushwa, kisha linabandikwa kwa gundi au kushonwa kwenye karatasi ngumu. Likitunzwa mbali na wadudu na unyevu, hudumu karne nyingi.

Tena sampuli hiyo hujibu maswali ambayo aliyeikusanya hakuyawaza. Aliyechuma ua mwaka 1910 hakujua chochote kuhusu vinasaba, lakini leo vinaweza kusomwa kutoka jani lilelile. Tarehe iliyo kwenye lebo huonyesha mmea ulitoa maua mwezi gani zamani, na anayefuatilia mabadiliko ya tabianchi huilinganisha na mwezi wa sasa. Hebaria ya Afrika Mashariki, iliyoanzia Amani mwaka 1902 na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950, ina sampuli zinazokaribia milioni moja.

Programu za simu za kutambua mimea, nazo, hulinganisha na picha zilizokwisha kuona. Mmea usiopigwa picha mara nyingi hupewa jina la jirani yake, tena kwa kujiamini.

"Wajuzi wa mimea ni waganga na wazee"

Hii imeharibu orodha nyingi. Mtafiti anafika kijijini, anapelekwa kwa mwenyekiti, mwenyekiti anampeleka kwa mzee maarufu wa dawa, na kazi inaisha pale barazani. Anarudi na daftari lililojaa mizizi ya tumbo na nguvu za kiume. Chakula hakimo. Kuni hazimo.

Maarifa ya mimea yamegawanyika kama kazi zilivyogawanyika. Anayejua kwamba mgagani hupungua uchungu ukichemshwa na maziwa ni mpishi. Anayejua ni tunda gani la porini huliwa likiwa bichi na lipi huwasha ulimi ni mtoto mchunga mbuzi. Mchongaji Mkamba anautambua mpingo kwa uzito na kwa rangi ya kiini chake, hata ukiwa gogo lisilo na jani moja, jambo ambalo mtaalamu aliyezoea maua huenda akashindwa. Msusi wa mikeka anajua ukindu wa bonde gani hukatika. Kila mmoja akiulizwa peke yake atatoa sehemu yake, na wakikutanishwa hubishana, na ubishi huo wenyewe unafaa kuandikwa.

"Mmea ukiandikwa kuwa ni dawa, basi unatibu"

Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu, Ambilikile Masapila, kwa shilingi 500. Mti aliochemsha mizizi yake, mugariga, si mgeni kwa wataalamu: ni Carissa, mtanda-mboo kwa Kiswahili cha pwani, na jamii nyingi zinautumia kama dawa na kula matunda yake. Anayeandika "watu walikunywa kwa ajili ya ugonjwa huu" ameandika jambo la kweli kuhusu watu. Hajasema lolote kuhusu ugonjwa kupona. Hilo linahitaji vipimo vya aina nyingine, na kwa kikombe kile uponyaji uliodaiwa haukuthibitishwa. Masapila mwenyewe alisema nguvu ni ya Mungu, si ya mti.

"Mwarobaini ni mti wetu wa asili"

Hapana. Ulitoka Asia Kusini. Mkorosho na muhogo zilitoka Amerika, mkaratusi Australia. Lakini mmea kuwa mgeni si sababu ya kuuacha nje ya daftari, kwa kuwa mwarobaini umeshapata jina la Kiswahili linalohesabu magonjwa arobaini. Mti wa mathenge pia uliletwa Kenya kwa nia njema, kurudishia ardhi miti, na huko Baringo ukageuka balaa hadi wananchi wakaenda mahakamani na mbuzi aliyeharibika meno kwa maganda yake. Ungetafuta mimea ya asili pekee, kisa hicho kisingekuwamo.

"Wakiandika, wanatuibia"

Hapa sisemi moja kwa moja kwamba ni dhana potofu. Kwa miongo mingi sampuli zilisafiri kwenda Ulaya na maarifa yakasafiri nazo, na waliobaki nyuma hawakupata hata nakala ya kitabu. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika mwaka 2014, inataka ridhaa itangulie na faida igawanywe. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi. Kilicho potofu ni kudhani kwamba kukaa kimya ndio ulinzi. Maarifa yasiyoandikwa popote ni rahisi zaidi kwa mgeni kudai kwamba ameyagundua yeye, kwa sababu hakuna karatasi ya kumpinga.

Ila si kila kitu huandikwa. Msandali wa Kenya uling'olewa hadi mizizi kwa ajili ya mafuta ya manukato, na gome la Prunus africana, muiri wa Wakikuyu, lilihitajika sana kwa dawa za tezi dume hata biashara yake ikawekwa chini ya udhibiti wa kimataifa mwaka 1995. Kutangaza mahali halisi pa miti kama hiyo ni kumwelekeza mwenye msumeno. Katika kaya za Wamijikenda, misitu iliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2008, kuna sehemu ambazo wazee hawamruhusu mgeni kuzikanyaga. Mtafiti mwenye adabu huacha nafasi hiyo wazi kwenye ramani.

Nafasi nyingine iliyo wazi inaniudhi zaidi. Tazama lebo za zamani: jina la mkusanyaji, namba, mwinuko, tarehe. Aliyepanda mti kukata tawi, aliyejua njia, aliyetamka jina la mmea mara tatu ili mgeni aliandike, mara nyingi hayumo. Kwenye lebo za leo pana nafasi ya kutosha kumwandika, akikubali.