Kusoma Mlimani bila fedha nyingi: ada, kitanda na bumu

Kwa Mtanzania, ada ya shahada ya kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, ni takriban shilingi milioni 1 hadi milioni 1.5 kwa mwaka, masomo ya sanaa yakiwa chini, sayansi na uhandisi juu. Ongeza 20,000 za TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) na 50,400 za bima ya afya ya NHIF. Aliyemo kwenye bima ya mzazi halipi hiyo ya pili, mradi aje na kadi yake. Ada si kitu kinachowamaliza watu Mlimani. Kinachowamaliza ni kitanda, chakula na zile siku za kusubiri mkopo.

Sifa nazipitia haraka. Kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia 2016, A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Unatakiwa uwe na prinsipo mbili, yaani ufaulu wa A hadi E, kwenye masomo yanayotajwa na programu unayoomba, jumla isipungue pointi 4. D mbili zinatosha, C na E pia. D na E hazitoshi. S, alama iliyo chini ya E, si prinsipo, na GS (General Studies) haihesabiwi kabisa. Mwenye diploma anaangaliwa GPA, yaani wastani wa alama zake, angalau 3.0. Hiyo ndiyo sakafu tu, maana kwa sheria au uhandisi unaweza kuwa na pointi hizo na bado ukaachwa kwa ushindani. (Muhimbili na Ardhi ni vyuo vinavyojitegemea tangu 2007. Kila mwaka kuna anayeomba Mlimani akidhani anaomba huko.)

Ukichaguliwa vyuo viwili au zaidi, lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu, ndani ya muda uliotangazwa na TCU. Wengi hukwama hapa kwa sababu waliomba kwa laini ya simu ya mwenye steshenari. Tumia laini yako, na usiitupe mpaka Oktoba ipite.

Mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo, ndio unaotaka utulivu. Ada ya kuomba ni 30,000, na cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa kwanza RITA, wakala wa usajili wa vizazi, au mwenzake ZCSRA kwa waliozaliwa Zanzibar. Weka cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne mezani, usome majina herufi kwa herufi. Kimoja kikisema Said na kingine Saidi, shughulikia hati ya kiapo kabla dirisha halijafunguliwa. Siku tatu za mwisho hazitoshi. Aliyerudia mtihani wa kidato cha nne ana namba mbili za mtihani, na hapo huwa pana mtego: namba uliyoombea chuo ndiyo uombee mkopo. Ukichanganya, mfumo unaona watu wawili, mmoja ana chuo bila mkopo, mwingine ana mkopo bila chuo.

Ukipata, fedha za ada huenda chuoni moja kwa moja. Za chakula na malazi, yaani bumu, zilipandishwa 2022 kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na hutolewa kwa mafungu: bumu la siku 60 ni 600,000. Halitoki kabla hujasajiliwa na kusaini, na usajili wenyewe una foleni. Kwa hiyo njoo na fedha ya kula wiki nne. Fikiria utapika au utanunua, upige hesabu yako kabla hujapanda basi.

Sasa kitanda. Mabweni ya Magufuli yalipofunguliwa Aprili 2017 yalikuwa na nafasi 3,840, na bei ilitangazwa kuwa shilingi 500 kwa siku. Muhula una wiki 15 za masomo na 2 za mitihani, hivyo miwili ni siku 238. Kwa bei ile, mwaka mzima wa kulala ulikuwa 119,000. Hakuna chumba cha Sinza, Changanyikeni wala Msewe kitakachokaribia hapo, na wenye nyumba hutaka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Omba bweni siku ile ile mfumo unapofunguka, kisha ukipangiwa lipa mara moja, kwa sababu kupangiwa bila kulipa ni kumwachia mwingine. Kubebana, yaani kulala wawili kwenye kitanda cha mmoja, kupo na kumewavusha wengi. Lakini ni kinyume cha taratibu, na anayekamatwa hupoteza kitanda pamoja na mwenyeji wake. Sikushauri.

Jambo la mwisho linaonekana la kitaaluma, lakini ni la fedha. Kwa kawaida somo lina alama 40 za kazi za muhula na 60 za mtihani wa mwisho. Anayeanza na 12 kati ya zile 40 anahitaji 28 kati ya 60 ili tu afike C ya kufaulu, ambayo ni 40. Ukishindwa somo unafanya sapu, yaani mtihani wa marudio. GPA ya mwaka ikishuka chini ya 1.8 hupewi hata hiyo sapu, umedisko, yaani umeondolewa chuoni, na mkopo unakatika hapo hapo. Nayo sapu, hata ukiijibu yote, inaandikwa C.