Wasilisho la Kundi Chuoni: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Dhana iliyoenea zaidi miongoni mwa wanafunzi wa vyuo ni kwamba wasilisho la kundi hupangwa kwa kugawana vipande: mmoja achukue utangulizi, mwingine nadharia, mwingine hitimisho, kisha wote wakutane siku yenyewe mbele ya darasa. Ukweli ni kwamba hapo imegawanywa kazi tu. Mawasiliano bado hayajapangwa. Hadhira inahitaji hoja moja, nayo haipatikani kwa kuunganisha slaidi za watu watano usiku wa kuamkia wasilisho. Inafaa kundi liandike kwanza sentensi moja inayojibu swali la mhadhiri, kisha kila mmoja aeleze jinsi kipande chake kinavyoitegemeza. Kisichoitegemeza kiondolewe, hata kama aliyekiandaa amekihangaikia wiki nzima, na kwa maoni yangu makundi mengi hukwama hapa kwa sababu ya kuoneana haya.

Wapo wanaoamini kwamba wingi wa watu ni nguvu yenyewe. Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, alichapisha mwaka 1913 matokeo yaliyoonyesha kwamba watu wanaovuta kamba kwa pamoja hawafikii jumla ya nguvu ambayo kila mmoja angeitoa akiwa peke yake, na kwamba kadiri wanavyoongezeka ndivyo mchango wa kila mmoja unavyopungua. Uzembe si sababu pekee, kwani watu wasiovuta kwa wakati mmoja hupoteza nguvu hata wakiwa na bidii. Ndiyo maana kundi la WhatsApp ambamo kila ujumbe hujibiwa “sawa” halitoshi kuwa mpango, mpaka ujumbe utaje nani anafanya nini, ataikabidhi kazi hiyo kwa nani na lini.

Dhana nyingine, ambayo hata baadhi ya wakufunzi huirudia, ni kwamba maneno hubeba asilimia 7 tu ya mawasiliano, na kwa hiyo suti na ishara za mikono zitaokoa wasilisho lisilo na maudhui. Takwimu hiyo inatokana na tafiti za mwanasaikolojia Albert Mehrabian za mwaka 1967 nchini Marekani, zilizohusu jinsi watu wanavyotambua hisia na mitazamo pale neno, sauti na uso vinapopingana. Hazikupima ufafanuzi wa mada ya darasani, na Mehrabian mwenyewe amekanusha matumizi hayo mapana.

Kwa Tanzania kuna jambo moja linalosahaulika: makundi mengi hujadili kwa Kiswahili lakini huwasilisha kwa Kiingereza. Wenzetu hudhani kwamba aliyeelewa mjadala ataweza kuusimulia papo hapo kwa lugha ya pili, kumbe istilahi zisizokubaliwa mapema humfanya kila msemaji aite kitu kilekile kwa jina lake, na wasikilizaji hudhani ni vitu tofauti. Dawa yake ni kufanya angalau zoezi moja kamili kwa lugha ya wasilisho, kwa sauti na kwa kupima muda.

Hatimaye, wengi hudhani kwamba swali humhusu aliyesoma sehemu husika pekee, ilhali mhadhiri anaweza kumwuliza yeyote. Siku mbili kabla ya wasilisho, kila mmoja aulizwe na wenzake kuhusu kipande kisicho chake, na atakayeshindwa kujibu aelekezwe na mwenye kipande hicho.