Vikwazo vya maji vinaanza bwawa likiwa bado lina maji

Kila kiangazi kikirefuka, mameneja wa mamlaka za maji huniambia mimi, mdhibiti ninayezisimamia mamlaka hizo, yaleyale: "Tusitangaze vikwazo sasa, tutawatia watu hofu. Huenda mvua ikanyesha." Hakuna dhana inayonikera kuliko hii, maana anayechelewa ni meneja na anayeumia ni mteja.

Bwawa halitumiki hadi tone la mwisho. Maji ya chini yana tope, na mengine yako chini ya mdomo wa bomba la kuchotea. Ndiyo maana Cape Town, mwaka 2018, ilipanga kufunga mabomba ya majumbani mabwawa yakishuka hadi asilimia 13.5, si sifuri. Siku hiyo haikufika, lakini tangu Februari wakazi walitakiwa wasizidishe lita 50 kwa siku kila mmoja. Ukianza mapema unaomba watu wapunguze kidogo. Ukichelewa unawanyang'anya karibu yote.

Kwa hiyo mdhibiti makini hamwachii meneja akisie. Anadai mpango ulioandikwa maji yakiwa mengi, wenye vipimo: kina kikifika hapa, hatua hii inaanza, bila kikao kingine. Sheria ya California, Marekani, inataka mpango wenye ngazi 6, kuanzia upungufu wa hadi asilimia 10 mpaka unaozidi 50.

Na mapato je? Hapa wadhibiti wenzangu hunyamaza. Mamlaka inayoishi kwa kuuza maji haiwezi kushangilia kuuza machache. Kanuni za bei zisipoeleza pengo litazibwa vipi, meneja atasitasita, na sisi ndio tutakuwa tumemfundisha kusitasita.

Dhana nyingine nazisikia pia. "Mvua imenyesha, ukame umekwisha." La. Udongo mkavu hunywa kwanza, na maji ya ardhini huweza kuchukua misimu kadhaa kurudi. Vikwazo viondolewe kwa vipimo, kama vilivyowekwa.

"Tuchimbe visima vya dharura." Kisima kinachonyonya maji yaleyale yanayolisha mto hakijaongeza kitu. Kipimwe kwanza.

"Wateja ndio wanaofuja." Wapo, lakini huwezi kumwambia mtu aoge kwa nusu ndoo huku bomba kuu likimwaga maji barabarani wiki nzima. Ningekuwa na uamuzi, kila leseni ya mamlaka ya maji ingetaja uvujaji uzibwe ndani ya saa ngapi wakati wa ukame, pamoja na faini, na faini hiyo isingepachikwa kwenye ankara ya mteja.