Chakula hai cha samaki wa maji ya chumvi, na kwa nini chenyewe nacho hulishwa kwanza

Chakula hai ni kiumbe mdogo anayetiwa kwenye tangi akiwa bado anaogelea, ili samaki amwinde mwenyewe. Kwa wafugaji wa samaki wa bahari wa kupamba, viumbe wanaotumika sana ni rotifa (vijidudu vya majini vidogo mno), artemia, na kopepoda (jamaa wadogo sana wa uduvi).

Sababu ya kwanza ya kuwatumia ni mwendo. Samaki wengi wa matumbawe, akitolewa baharini leo, hatambui kuwa punje kavu ni chakula. Anachokijua ni kitu kinachotikisika. Farasi wa bahari hana meno wala mfuko wa tumbo. Hufyonza windo zima kwa mdomo wake mrefu, na kwa kuwa chakula hupita upesi mwilini, ni lazima ale mara kadhaa kwa siku. Samaki mandarini (Synchiropus splendidus) naye hushinda akidonoa kopepoda kwenye mawe. Akiwekwa kwenye tangi jipya ambalo kopepoda hawajazaliana, hukonda mpaka akafa, na mwenye tangi huku anamwona akidonoa kutwa nzima. Ni kifo kinachoepukika kabisa, na kinaniuma kila ninaposikia kimetokea tena.

Lakini windo kuwa hai si lazima liwe na lishe, na jambo hili hueleweka vizuri zaidi kwa artemia.

Artemia ni jamaa wa mbali wa uduvi, anaishi kwenye maziwa na mabwawa yenye chumvi kali. Mayai yake makavu hukaa miaka bila kufa, na mengi yanayouzwa duniani hutoka Great Salt Lake, jimbo la Utah, Marekani. Huku kwetu artemia walipandikizwa miaka ya 1980 kwenye mashamba ya chumvi ya kaskazini mwa Malindi. Kuyaangua mayai ya artemia ni kazi nyepesi: chupa ya soda iliyokatwa kitako na kupinduliwa, maji yenye chumvi ya gramu 25 hadi 35 kwa lita, taa, na pampu ya hewa isiyozimwa. Maji yakiwa na joto la nyuzi 28 hivi, ambalo Pwani mara nyingi lipo bila hita, mayai huanguliwa kwa takriban saa 24.

Kisha zima hewa, subiri dakika kumi. Maganda matupu hupanda juu, mayai yaliyokufa hulala chini. Mulika tochi ubavuni mwa chupa, na makinda yatasogea kwenye mwanga yakiwa wingu la rangi ya chungwa. Yavute kwa mrija mwembamba, yachuje kwa kitambaa laini, yasuuze. Usivute maganda, kwa kuwa yanaweza kuziba utumbo wa vifaranga vya samaki.

Rangi ile ya chungwa ni kiini cha yai. Kinda la artemia linapotoka tu halina uwezo wa kula. Linaishi kwa akiba hiyo. Baada ya kama saa 8 hadi 12 hujivua gamba, mdomo hufunguka, na huanza kuchuja chochote kilichomo majini. Ukilichelewesha bila kulilisha, akiba huisha, nawe unawapa samaki wako windo linalochezacheza lakini limebaki tupu ndani.

Hata likiwa limetoka kwenye yai sasa hivi, artemia karibu hana DHA, mafuta ya omega-3 yanayojenga ubongo na macho. Samaki wengi wa maji yasiyo na chumvi huweza kujitengenezea mafuta hayo kutokana na mafuta mengine. Wengi wa baharini hawawezi kwa kiasi cha kutosha. Lazima wayapate kwenye chakula. Ndiyo maana artemia aliyefungua mdomo hurutubishwa: huwekwa kwa saa 12 hadi 24 kwenye maji yenye mwani mdogo wa aina ya Isochrysis au mafuta maalumu ya DHA, akajaza utumbo, ndipo akapewa samaki. Rotifa, ambao ni wadogo kuliko artemia na hupewa vifaranga vya siku za mwanzo, hurutubishwa vivyo hivyo. Kopepoda wa baharini kwa kawaida wana mafuta hayo tayari, ila kuwafuga kwa wingi ni kazi ya subira.

Kwa sababu hiyohiyo sikubaliani na desturi ya kuwalisha samaki wawindaji kama Pterois (samaki wa baharini mwenye miiba ya sumu) kwa samaki wa dhahabu, ambaye ni wa maji yasiyo na chumvi. Mafuta ya samaki wa dhahabu si ya baharini, na mwilini ana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1.

Kabla ya kuwamimina artemia waliorutubishwa, wasuuze tena ili mafuta yaliyobaki yasichafue tangi. Toa kiasi kitakachoisha kwa dakika chache, waliobaki waweke kwenye friji wakiwa na hewa, kwa sababu artemia mwenye njaa huanza kuitumia ile DHA mwenyewe, na aliyezurura tangini hadi asubuhi amerudi kuwa yule wa kabla ya kulishwa.