Mwanafunzi wa Kigoma Anamwandikia Nani?

Ukipitia madaftari ya Kiswahili ya wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule za msingi na wa kidato cha kwanza na cha pili mjini Kigoma, utakuta insha zinazofanana kama mapacha. Ile ya "Siku Ambayo Sitaisahau" huanza kwa jua kuchomoza na ndege kuimba, hata pale mwandishi anapokuwa mtoto wa Kibirizi, mtaa wa wavuvi kando ya ziwa, ambako alfajiri husikika zaidi injini za mitumbwi na sauti za wanawake wanaogombea ndoo za dagaa. Mtoto huyohuyo ukimwomba akusimulie kwa mdomo, atakupa habari yenye mpangilio na mzaha, lakini akishika kalamu vyote hivyo humtoka. Sisi tunaowaandaa walimu wa lugha tumezoea kulaumu uhaba wa msamiati na uvivu wa kusoma. Kwa maoni yangu sababu kubwa zaidi ni kwamba mtoto huyo hana msomaji.

Mwalimu anayesahihisha si msomaji kwa maana ninayoikusudia. Anachokisoma anakijua tayari; anatafuta makosa, anaandika kumi na mbili juu ya ishirini, na daftari linarudi. Hata barua rasmi tunazofundisha huelekezwa kwa wakurugenzi wasiokuwepo, na hakuna anayetarajia jibu. Wengi wa rika langu tulifundishwa hata kuandika simu ya maandishi (telegramu), tukipunguza maneno ili kuokoa gharama ya simu ambayo hakuna aliyewahi kuituma.

Tatizo hili si letu peke yetu. Katikati ya miaka ya 1920 mwalimu Mfaransa Célestin Freinet, aliyerudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa na jeraha la mapafu lililomzuia kuzungumza kwa muda mrefu, aliingiza mashine ndogo ya kuchapia katika darasa lake la kijiji cha Bar-sur-Loup, kusini mwa Ufaransa. Wanafunzi waliandika habari za maisha yao, wakazipanga herufi kwa herufi, na kuanzia mwaka 1926 wakawa wanazibadilisha na wanafunzi wa Trégunc, karibu na bahari, upande wa pili wa nchi. Watoto wa Bar-sur-Loup, walioishi milimani, walilazimika kuwaelezea wenzao mambo ambayo kijijini kwao hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Hapo ndipo ninapoiona nafasi ya Kigoma. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, inaunganisha miji miwili yenye watoto wasiofahamiana. Mwanafunzi wa Ujiji akimwandikia mwenzake wa Tabora kwamba "siku za mbalamwezi hatuli dagaa wabichi", barua itarudi na swali: kwa nini? Sasa atalazimika kueleza kuwa dagaa huvutwa na mwanga wa taa usiku, na kwamba mwezi ukiwa mpevu taa hizo hupoteza nguvu, hivyo wavuvi wengi hupumzika. Akiwa hana hakika, atamwuliza mjomba aliye mvuvi. Atagundua mwenyewe kuwa neno "karabai", yaani taa hiyo ya wavuvi, ambalo nyumbani halihitaji maelezo, linahitaji sentensi nzima. Mwenzake naye atapaswa kufafanua jinsi asali inavyorinwa kwenye mizinga iliyotundikwa porini, na hatasalimika kwa kuandika tu kwamba nyuki ni wadudu wenye faida nyingi. Swali moja la msomaji asiyeelewa humfundisha mwandishi ufafanuzi kuliko kalamu nyekundu ya muhula mzima.

Walimu huniuliza watawezaje kusimamia jambo hili katika darasa lenye wanafunzi sabini. Jibu langu ni kwamba mwalimu asizisahihishe barua moja moja. Katika rasimu ya kwanza wanafunzi wawili wasomeane kwa sauti, na msikilizaji ataje sehemu moja tu ambayo hakuielewa. Katika rasimu ya pili mwalimu achague kosa moja la sarufi linalojirudia darasani, labda upatanisho wa ngeli, alifundishe kwa wote, kisha kila mmoja alitafute katika barua yake. Anwani, tarehe na mwisho wa barua, ambavyo mtihani utavidai, hufundishwa humohumo, kwa sababu barua isiyo na anwani sahihi haifiki. Barua zote ziwekwe katika bahasha moja, zitumwe kwa basi au treni kutoka shule moja kwenda nyingine, na zipitie mikononi mwa walimu; mwanafunzi asiweke namba ya simu wala ramani ya nyumbani kwao.

Watoto wa mjini huandika kila siku kwenye simu za wazazi, wakifupisha "sijui" kuwa "cjui", jambo linalowakera walimu wengi. Mimi halinikeri sana, kwa kuwa linaonyesha kuwa wanamjua anayesoma na wanajua atakachokielewa. Msomaji wa Tabora, asiyewafahamu, atawadai lugha nyingine, na mwalimu anaweza kuwauliza kwa nini.

Jibu likifika, lisomwe kwanza na aliyeandikiwa, kabla mwalimu hajalifungua daftari la alama. Wengine watasoma mara mbili na kuomba karatasi hapohapo. Mwalimu mwenye karatasi za ziada mezani siku hiyo atakuwa amejiandaa vya kutosha.