Huduma ya kwanza ya kisaikolojia si kumfungua mtu kinywa

Siku hizi hapa Uganda, kikao chochote kikihusu wakimbizi au wanajeshi wastaafu, lazima atasimama mtu aseme "tuwape huduma ya kwanza ya kisaikolojia". Ukimuuliza ndiyo nini, atakwambia ni kuwakalisha watu chini, wafunguke, waseme yote waliyoyaona ili moyo upate nafuu. Nimelisikia mpaka redioni, likielezwa hivyohivyo kwa Kiswahili safi, na mgeni wa kipindi akaitikia. Imetosha sasa.

Maana yake ni fupi. Ni msaada wa kiutu anaopewa mtu aliyetoka kukumbwa na jambo zito, ndani ya saa au siku chache: kuhakikisha yuko salama, kumpa anachohitaji wakati ule, kumsikiliza ikiwa anataka kusema, na kumuunganisha na ndugu zake au na huduma nyingine. Mwongozo uliotolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani, War Trauma Foundation na World Vision unayaweka yote katika vitenzi vitatu: tazama, sikiliza, unganisha. Si tiba, wala haihitaji daktari. Mwalimu anaweza, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anaweza, mhudumu wa afya wa kijiji anaweza, mradi awe amefundishwa kidogo. Na mwongozo huo unasema bila kuficha kwamba mtu asishurutishwe kusimulia yaliyomkuta.

Wengi wanaruka hapo kwenye "ikiwa anataka". Wanaruka kwa sababu wamechanganya vitu viwili vyenye asili tofauti kabisa.

Cha kwanza, huduma yenyewe, kilitokana na vita. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari walirudishwa kutoka mahandakini wakitetemeka, wengine wamepoteza sauti, wengine miguu imegoma bila jeraha lolote. Daktari Mmarekani, Thomas Salmon, akapendekeza watu hao washughulikiwe mapema, karibu na mstari wa mbele, tena waambiwe kwamba watapona. Walichopewa hasa ni usingizi, chakula cha moto na mapumziko. (Tusidanganyane, majeshi yalitaka wapone upesi warudi kupigana.) Katika vita vya pili, Anna Freud na Dorothy Burlingham walikuwa wakilea watoto wadogo katika vituo vya Hampstead, London, mji unapigwa mabomu. Waliona kwamba mtoto aliyekuwa na mama yake aliyahimili mabomu kuliko walivyotarajia, na kwamba wengi waliteseka zaidi kwa kutenganishwa na wazazi. Kufikia 1954, chama cha madaktari wa akili cha Marekani kilikuwa kimetoa kijitabu chenye jina hilihili la huduma ya kwanza ya kisaikolojia. Katika safari yote hiyo hakuna aliyesema dawa ni kumkalisha mtu na kumhoji.

Cha pili, kikao cha kusimulia, ni cha juzijuzi tu. Mwaka 1983 Jeffrey Mitchell, naye Mmarekani, alieleza utaratibu wa kikao cha zimamoto na watu wa ambulensi baada ya tukio baya: wanakaa pamoja, kila mmoja anaeleza alichokiona, alichokiwaza na alichokihisi. Hao walikuwa watu wazima wa kazi moja, wanaojuana. Lakini utaratibu ukapendwa, ukatoka zimamoto ukaingia kwa majeruhi wa ajali, wahanga wa moto na watu waliokimbia vita. Watafiti walipoupima, hawakupata walichotarajia. Mapitio ya mwaka 2002 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima majaribio ya tiba, yalikuta kwamba kikao kimoja cha aina hiyo hakizuii mtu kuugua baadaye, na katika baadhi ya majaribio waliofanyiwa walikuwa na hali mbaya kuliko walioachwa. Shirika la Afya Duniani likashauri usitumiwe kwa watu waliotoka kupatwa na tukio. Ila makabrasha ya semina huku kwetu hayafi. Ni fotokopi ya fotokopi, na ukurasa wa "kufunguka" haujawahi kupotea hata mara moja.

Niliwahi kukaa karibu na haya katika kituo kimoja cha mapokezi upande wa kusini-magharibi, Wakongo walipokuwa wakivuka mpaka kwa wingi. Mtoto wa miaka kama minane yuko na nyanya yake kwenye mkeka, miguu bado ina matope. Akaja kijana mwenye jaketi na daftari, akachuchumaa, akasema kwa upole kabisa, "Tuambie, siku ile ulimwona nani akipigwa?" Mtoto akasema. Kijana akaandika, akampa kalamu za rangi achore, akashukuru, akaenda mkeka wa pili. Jioni ile mtoto alikataa posho, yaani ugali, usiku akajikojolea, jambo ambalo nyanya yake aliapa alikuwa ameliacha zamani. Kijana hakuonekana tena. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Alifundishwa hivyo.

Huduma yenyewe ingeanza na nyanya, si mtoto. "Pole sana, mama. Mmekunywa maji? Kuna mtu wenu hamjamwona tangu mvuke?" Halafu kusubiri jibu. Jina la anayetafutwa liandikwe vizuri, wapelekwe kwa wanaofuatilia waliopotezana, waelezwe ukweli kuhusu basi la kwenda makambini, hata kama ukweli ni kwamba halijulikani litakuja lini. Mtoto aambiwe kwa maneno mepesi yuko wapi, nani atalala naye, na kesho asubuhi kutakuwa na nini. Akitaka kusema, asikilizwe bila kukatizwa. Akitaka kurukaruka na wenzake, aachwe. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ni kwamba mtu mmoja kati ya watano katika maeneo ya vita ana tatizo la afya ya akili. Ni wengi mno, lakini ina maana pia kwamba wanne hawana, na hao hawastahili kutibiwa ugonjwa ambao hawana.

Hapa wapinzani wangu huniuliza: kwani kusimulia hakuponyi? Kunaponya, mahali pake. Baada ya vita vya kaskazini mwa Uganda, watafiti walifanya jaribio na vijana 85 waliokuwa wametekwa na waasi wa LRA, wa umri wa miaka 12 hadi 25, na matokeo yakachapishwa 2011. Waliopata tiba ya masimulizi walipata nafuu ya dalili za kiwewe kuliko wale wa makundi mengine mawili. Ila angalia ilivyofanywa. Waliotibiwa walikuwa tayari wamepimwa na kukutwa wanaumwa. Vikao vilikuwa vinane, na mtibabu, mwenyeji wa hukohuko aliyefunzwa, alikuwa yuleyule wa mwanzo hadi mwisho. Maisha yote yalisimuliwa kwa mfuatano, na mazuri yakiwemo. Hiyo ni kama kupasua kidonda chumba cha upasuaji, pamoja na ganzi na mshonaji. Kijana wa daftari alipasua mkekani akaondoka.

Waacholi, watu wa hukohuko kaskazini, kwa bahati walikuwa na tofauti hii kabla ya semina yoyote. Aliyetoka porini kwa waasi alipofika nyumbani alikanyaga yai mlangoni, nyono tong gweno, akapokelewa na ukoo akaanza tena kula nao. Hapo hakuna anayemwambia aeleze alifanya nini. Mambo ya nani aliua nani yana utaratibu mwingine, mato oput, wenye wazee, usuluhishi mrefu, kukiri na fidia, na unafanyika wakati wake. Sisemi kukanyaga yai ndiyo huduma ya kwanza ya kisaikolojia. Nasema kwamba kumpokea mtu na kumhoji yalikuwa mambo mawili, na hakuna aliyeyafanya kwa siku moja.

Kwa vijana waliotekwa na LRA maneno "mtoto" na "askari wa zamani" yanakuwa mtu mmoja, ametekwa akiwa na miaka kumi na kutoka akiwa na ishirini. Ndiyo maana naona watu wanatumia msamiati uleule kwa wote. Lakini kwa askari wa zamani kosa linageuka upande wa pili. Mtoto anatibiwa mapema kuliko inavyofaa, mstaafu anapewa huduma ya kwanza kwa kuchelewa miaka kumi na mitano.

Jeshi letu liliingia Somalia Machi 2007. Waliokwenda mwanzo wengi wameshavua gwanda. Mwenyekiti wa chama kimoja cha wastaafu aliniomba nimtafutie mtu wa kuwapa wenzake "huduma ya kwanza ya kisaikolojia", siku mbili, ukumbi upo, soda zipo, vyeti vitachapishwa. Nikamuuliza wana nini. Akanieleza juu ya mmoja asiyelala, anayeanza waragi, ile pombe kali, saa nne asubuhi, na mke wake anajua kutomgusa akiwa usingizini maana anaamka na ngumi. Mwingine amewahi kukutwa na kamba.

Nikamwambia: afande, semina fanyeni, kukutana tu na wenzao kutawasaidia. Ila iiteni semina. Huyo wa waragi apelekwe kwa afisa tabibu wa afya ya akili hospitali ya wilaya, naye akiona inafaa atamwandikia kwenda Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili. Aende na mke wake, kwa sababu ndiye anayejua usiku unakuwaje. Huyo wa kamba hasubiri semina. Mtu akae naye leo, kamba na dawa za kuulia wadudu ziondolewe nyumbani, na kesho asubuhi wawe hospitali. Akaniuliza kama hiyo ya leo usiku nayo haina jina. Nikamwambia hiyo sasa, afande, ndiyo huduma ya kwanza.