Ufundishaji kwa mradi si mradi wa kuhitimu

Msimu wa udahili unapofika hapa Mwanza, matangazo ya redio na mabango ya vyuo huanza kudai kwamba chuo fulani "kinafundisha kwa mradi", na ukiuliza ushahidi unaambiwa kuwa kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hutengeneza kifaa, huandika ripoti, kisha hutetea kazi yake mbele ya jopo. Hilo ni jambo jema, na vyuo vinavyolisimamia kwa uaminifu vinastahili sifa, lakini silo linaloitwa ufundishaji kwa mradi. Ufundishaji kwa mradi ni njia ya kufundisha ambayo wanafunzi, kwa kawaida wakiwa katika kikundi, hukabidhiwa mapema tatizo halisi lenye majibu zaidi ya moja, na nadharia ya somo huwafikia kwa sababu kazi yenyewe imewafikisha mahali ambapo hawawezi kusonga mbele bila nadharia hiyo. Mradi wa kuhitimu hupima kile ambacho mwanafunzi ameshafundishwa. Ufundishaji kwa mradi ndio mafundisho yenyewe.

Anayechanganya mambo haya mawili ana utetezi mmoja, nao ni historia, kwa maana mradi uliingia vyuoni ukiwa mashindano na mtihani kabla ya kuwa njia ya kujifunza. Mwishoni mwa karne ya 16, katika Accademia di San Luca mjini Roma, wanafunzi wa usanifu majengo walishindanishwa kwa michoro ya majengo ambayo hakuna aliyetarajia yajengwe. Paris ilifuata baada ya chuo cha kifalme cha usanifu kuanzishwa mwaka 1671. Waliojitokeza mbele ya majaji walikuwa wameshafunzwa, na mchoro ulikuwa wa kuwapanga nani wa kwanza na nani wa mwisho.

Uhandisi uliurithi mtazamo huo kupitia karakana. Katika miaka ya 1860 na 1870, Victor Della-Vos, mkuu wa chuo cha ufundi cha kifalme mjini Moscow, aliichambua kazi ya fundi katika vitendo vidogovidogo: kupiga tupa, kutoboa, kuchonga kiungo cha mbao, kukata hesi. Kila kitendo kilipewa zoezi lake, na mazoezi yakapangwa kuanzia rahisi hadi gumu, ili mkufunzi mmoja aweze kuongoza darasa zima badala ya kila kijana kukaa miaka chini ya fundi wake. Mpangilio huo ulipoonyeshwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1876, John Runkle, rais wa chuo cha teknolojia cha Massachusetts (MIT), aliuchukua mara moja. Calvin Woodward wa St. Louis naye aliupokea, lakini akaongeza hatua ya mwisho: baada ya mazoezi yote, mwanafunzi abuni na kutengeneza kitu kamili peke yake. Mazoezi kwanza, mradi mwishoni. Ratiba nyingi za vyuo vyetu leo ni za Woodward, ingawa wanaozipanga huenda hawajawahi kumsikia.

Mpangilio ulikuja kugeuzwa baadaye sana. William Kilpatrick wa New York aliandika mwaka 1918 kwamba mradi uwe kiini cha kufundisha badala ya hitimisho lake, ila aliupanua mno hadi karibu shughuli yoyote anayoifanya mtoto kwa moyo wake wote ikaweza kuitwa mradi, na hasara ya upanuzi huo bado tunaiona kila mwalimu anapowapa wanafunzi kazi ya kukata picha za magazeti na kuiita kwa jina hilo. Kwa upande wa uhandisi, chuo kinachotajwa zaidi ni Aalborg nchini Denmark, kilichofunguliwa mwaka 1974 na kujengwa juu ya wazo hili tangu mwanzo: kila muhula kikundi kina mradi wake, mradi huchukua takribani nusu ya muda wa masomo, na mihadhara hupangwa ili kuuhudumia. Mwanafunzi wa Aalborg hangoji mwaka wa mwisho ili akutane na tatizo, maana muhula wake wa kwanza una tatizo tayari.

Nichukue jambo la mwambao wetu wa Ziwa Victoria ili tofauti ionekane kwa tarakimu. Dagaa wanaoshushwa kwenye mialo ya Igombe na Kayenze hukaushwa juani, wengi wakitandazwa juu ya mchanga na baadhi juu ya vichanja, na mvua ikinyesha mfululizo mzigo huharibika au huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Kifaa cha kukaushia dagaa kwa jua kimekuwa mradi wa kuhitimu unaopendwa, na mara nyingi kinachowekwa mezani siku ya utetezi ni kisanduku cha mbao chenye kioo juu na trei ndani, kimepakwa rangi nyeusi, na kina bomba la kutolea hewa. Jopo huuliza kioo ni cha unene gani, gharama ni kiasi gani, kisha alama hutolewa.

Sasa tuchukulie kwamba tatizo hilohilo limetolewa wiki ya kwanza ya somo la termodinamiki, yaani somo la joto na nishati, kwa sentensi moja tu: wachakataji wa mwalo fulani wanataka kukausha kilo 100 za dagaa kwa siku bila kutegemea mchanga. Ndani ya wiki mbili kikundi kitalazimika kuuliza ni maji kiasi gani yanapaswa kuondoka. Tukikadiria kuwa robo tatu ya uzito wa dagaa mbichi ni maji, na kwamba mkavu abaki na unyevu wa asilimia 15, kilo 100 zitashuka hadi kilo 29 na ushei, yaani kilo 70 hivi za maji zigeuzwe mvuke. Hapo ndipo joto fiche, yaani joto la kugeuza maji kuwa mvuke, linapohitajika, na linahitajika na wanafunzi wenyewe: kilo moja ya maji hudai takribani megajuli 2.4, kwa hiyo jumla ni karibu megajuli 170. Mita moja ya mraba, siku yenye jua zuri, tuseme inapokea megajuli 18, na kifaa cha kawaida kinatumia vyema asilimia 30 tu ya hizo. Wakigawanya wataona wanahitaji zaidi ya mita za mraba 30, na kwamba kile kisanduku cha mita moja cha siku ya utetezi kingekausha kilo tatu hivi kwa siku, mboga ya familia moja na jirani yake.

Jibu hilo linakatisha tamaa, na thamani yake ipo hapohapo. Kikundi kikishalipata kitaanza kushuku swali lililokileta. Huenda shida ya mwalo si joto, kwa kuwa jua lipo na eneo lipo. Shida ni mvua inayokuja ghafla na mchanga unaoingia kwenye mzigo, na kama ni hivyo basi vichanja virefu vyenye paa la nailoni la kufunuliwa vinaweza kushinda kisanduku chochote cha kioo. Itabidi warudi mwaloni kuuliza, na watakaporudi watahitaji kujua mwendo wa hewa chini ya paa na unyevu wa hewa wa saa za asubuhi, mada mbili ambazo mhadhiri alikuwa akizifundisha kila mwaka kwa darasa lililosinzia. Mwanafunzi wa mradi wa kuhitimu, ambaye ameshakamilisha kifaa chake, hana nafasi ya kugundua kwamba swali lilikuwa baya. Muhula umekwisha na ripoti imeshajalidiwa.

Haifai hata hivyo kuyadharau mazoezi ya Della-Vos, kama wafanyavyo baadhi ya watu waliotoka semina majuzi. Hakuna aliyejifunza kuchomelea kwa kujadiliana katika kikundi. Mkono hufunzwa kwa kurudia, na kijana wa karakana anayepiga mstari uleule wa kuchomelea mara nyingi hadi unyooke anafundishwa vizuri, ingawa hafundishwi kwa mradi. Vivyo hivyo safari ya fildi ya kwenda kulitazama daraja la Kigongo na Busisi ni ziara ya mafunzo, na mkufunzi kuifungua injini ya boti mbele ya darasa ni onyesho. Vyote hivyo ni mafunzo kwa vitendo, lakini kila kimoja kina kazi yake, na kuviita vyote mradi hakumwongezei mwanafunzi lolote.

Kinachosahaulika zaidi ni mwalimu. Njia hii inamdai mambo ambayo shahada ya uhandisi haikumpa: kuchagua tatizo ambalo haliwezi kutatuliwa bila kupita kwenye nadharia anayoikusudia, kunyamaza wakati kikundi kinakosea kosa lenye faida, kuingilia kati kabla kosa halijala muhula mzima, na kujua nani kati ya vijana watano aliyefanya hesabu na nani aliyebeba mbao tu. Hapa nchini tuna mpangilio wa ajabu kidogo. Mwalimu wa ufundi stadi anayefundisha useremala au umeme wa majumbani ana chuo cha ualimu kilichoanzishwa kwa ajili yake huko Morogoro, ambako hufunzwa namna ya kuandaa somo na kupima umahiri. Mhadhiri wa uhandisi, ambaye kazi yake ya kufundisha si nyepesi zaidi, mara nyingi huajiriwa kwa alama zake za darasani, akakabidhiwa somo, ukumbi na orodha ya majina. Hoja kwamba mhandisi anayefundisha anahitaji kufunzwa ualimu wa fani yake si mpya: Adolf Melezinek aliijengea jumuiya ya kimataifa ya ualimu wa uhandisi, IGIP, mjini Klagenfurt, Austria, mwaka 1972, na hadi leo jumuiya hiyo inawatambua rasmi walimu wa uhandisi waliopata mafunzo hayo. Semina ya siku moja juu ya mbinu shirikishi, yenye chai na vyeti, haifikii hapo.

Kwa hiyo vyuo vyenye jopo la utetezi na viendelee kulitangaza kwa jina lake: tuna mradi wa kuhitimu. Ni jina la heshima. Na mkufunzi anayetaka kufundisha kwa mradi hahitaji kungoja mtaala wa chuo kizima ubadilishwe. Achukue somo moja, alihamishe tatizo lake kubwa kutoka wiki ya mwisho hadi wiki ya kwanza, kisha katika ratiba ya mihadhara aache vipindi vitatu au vinne bila mada, vijazwe kulingana na mahali ambapo vikundi vimekwama.